Mlowezi wa Kasulu na mlowezi wa Hebron

Miaka michache iliyopita nilikwenda Kasulu kuandika habari ya watu waliokuwa wanaandikishwa na Uhamiaji. Serikali ilikuwa imeamua kuwatambua wale walioingia mkoa wa Kigoma zamani, wakalima, wakaoa, wakazaa, wakazika, ila karatasi hawana. Kwa lugha ya ofisi watu hao wanaitwa wahamiaji walowezi, nami nikaandika hivyo hivyo kwenye daftari bila kufikiria mara mbili.

Nilifikia kwa bibi mmoja ambaye baba yake alitoka Urundi kabla ya uhuru wetu kwenda kuwa manamba kwenye mkonge. Mzee alipochoka na mkonge hakurudi kwao. Aliishia Kasulu, akafyeka pori, akapanda mihogo na maharage. Bibi mwenyewe aliingia nchini akiwa mtoto wa mgongoni. Anaongea Kiha kama majirani zake wote, na Kiha na Kirundi wanasikilizana kiasi kwamba mgeni kama mimi siwezi kujua kimoja kimeishia wapi na kingine kimeanzia wapi.

Jioni redio ikawashwa. Taarifa ya habari ikafika Mashariki ya Kati: walowezi wa Kiyahudi wamevamia kijiji kimoja Ukingo wa Magharibi, magari yamechomwa. Mjukuu wa bibi, kijana wa kidato cha nne aliyekuwa ananisaidia kutafsiri, akanigeukia.

"Kaka, hao walowezi ndio sisi?"

Nilicheka kwanza. Halafu nikaona yeye hacheki. Habari yangu ilitoka ukurasa wa ndani, aya nane, ikasahaulika kesho yake. Swali lake bado ninalo.

Tuanze na kamusi, kwa sababu ndiko nilikokimbilia usiku ule kwenye simu. Kulowea, zinasema kamusi zetu, ni kuhamia nchi ya ugenini na kufanya maskani huko. Mlowezi ni mtu aliyefanya hivyo. Basi, imeisha. Hakuna bunduki hapo wala hati ya ardhi, na wala haijatajwa kama kulikuwa na mtu kabla yake. Mlowezi wa kamusi anafika mahali penye ukimya, anakaa, na kamusi inafunga ukurasa.

Jirani wa kitenzi hicho ukurasani ni lowa na loweka. Sisemi kwamba kimoja kimezaa kingine, hiyo ni kazi ya wanaisimu. Nasema tu kwamba sikio la msomaji linavisikia pamoja. Aliyelowea mahali ni kama kanzu iliyolowa: ameingiwa na pale mahali, na kumkamua si kazi rahisi. Mimi napenda picha hiyo. Kwa bibi wa Kasulu inakaa sawasawa kabisa. Shida ni kwamba inamfanya kila aliyekaa kwa watu aonekane kama kitu kilichonyeshewa mvua. Yaani imemtokea tu.

Na kisarufi neno lenyewe linasaidia ukimya huo. Mtu *anahamia* shamba la fulani, *anavamia* shamba la fulani, *anapora* shamba la fulani. Mwenye shamba yumo ndani ya sentensi, hata kama ni mkiani. Lakini mtu analowea Zanzibar, analowea Kigoma. Kuna mahali, hakuna mwenyeji. Tena kitenzi hiki hakikubali kirahisi kuonyesha aliyemtuma mtu. Kuhama tunaweza kukikunja tupendavyo: kuna aliyehama, aliyehamishwa na aliyehamishiwa. Wazazi wetu wa enzi za Operesheni Vijiji wanaijua tofauti hiyo kwa miili yao. Sasa jaribu kusema serikali fulani *inawalowesha* raia wake kwenye ardhi ya watu wengine. Umesema inawamwagia maji.

Pwani ya zamani haikuona tatizo. Washihiri waliotoka Hadhramaut wakauza kahawa na kuzibua visima, wamelowea. Seyyid Said aliyetoka Maskati na merikebu zake za vita, akahamishia kiti chake Unguja, na mashamba ya karafuu yakatwaliwa na jamaa zake na matajiri wa Kiomani huku Wahadimu wakisogezwa upande wa mawe, naye kalowea. Kitenzi kimoja kwa muuza kahawa na kwa sultani. Sidhani ni bahati mbaya. Mwenye uwezo wa kuandika historia ya mahali hupenda kitenzi kinachomfananisha na muuza kahawa.

Wakenya wakaenda njia nyingine, na hapa ndipo ninapogombana na wahariri wenzangu wa Dar. Kenya walichukua neno la Kiingereza wakaliviringisha mdomoni likawa *setla*, wingi *masetla*. Ukiliandika kwenye gazeti la Tanzania mhariri atalikata, pembeni ataandika "sio sanifu", na mahali pake ataweka mlowezi. Nimefanyiwa hivyo. Na niseme ukweli, nimewafanyia wengine pia.

Lakini setla hakumaanisha mtu aliyehamia tu. Msomali mwenye duka Nairobi hakuitwa setla, wala Mhindi wa reli, wala Mnyamwezi aliyefika na msafara. Setla alikuwa mzungu mwenye shamba, na nyuma ya shamba lake kulikuwa na sheria. Sheria ya Ardhi ya Taji ya mwaka 1902 ilimpa kukodi kwa miaka 99. Ya mwaka 1915 ikaongeza hadi 999. Miaka mia tisa tisini na tisa! Hapo hatuzungumzii mtu aliyelowa. Neno setla lina D.C. ndani yake, lina polisi, lina ramani iliyochorwa London. Mkikuyu au Mnandi aliyelitamka alijua anamtaja nani, na alijua mtu huyo akimpiga teke nani atakuja kumkamata nani.

Na neno hilo lilikuja na pacha wake: *skwota*. Hawa ni watu waliokutwa kwenye ardhi, au walioletwa kuilima, wakaruhusiwa kubaki na vieneo vyao kwa masharti ya kumfanyia kazi mwenye hati. Sheria ya 1918 iliweka kiwango kisichopungua siku 180 kwa mwaka. Angalia mchezo ulivyopangwa. Aliyefika jana kwa meli ni setla, maana yake aliyetulia. Aliyezaliwa pale ni skwota, maana yake aliyechuchumaa mahali pasipo pake. Maneno mawili ya Kiingereza yalitosha kumgeuza mwenyeji kuwa mgeni. Leo hii ukienda Kilifi au Kwale utakuta watu wanajiita wenyewe maskwota kwenye ardhi ya mababu zao, kwa sababu sheria ya hati ya mwaka 1908 ilipopita kule pwani, wengi wao hawakupata karatasi.

Karen Blixen aliliona hili, na ndiyo maana siwezi kumtupa moja kwa moja pamoja na madoido yake yote. Alifika Kenya mwaka 1914, akawa na shamba la kahawa la ekari kama 6,000 chini ya vilima vya Ngong, akafilisika na kuondoka 1931. Katika *Out of Africa*, kitabu chake cha 1937, anaeleza uhusiano wake na maskwota wa shamba lile, kisha karibu kwa utani anaongeza kwamba huenda wao waliuona kinyume. Wengi walizaliwa pale, na baba zao walizaliwa pale, na inawezekana machoni pao yeye ndiye aliyekuwa skwota, ila skwota wa daraja la juu. Sentensi moja tu hiyo, halafu anarudi kwenye mandhari na simba wake. Mimi ningebadilisha nusu ya simba kwa kurasa kumi zaidi za sentensi hiyo. Alishika ukweli mkononi, akauweka chini taratibu, akaendelea na chai.

Aliyeuokota ni marehemu Ngũgĩ wa Thiong'o. Katika *Weep Not, Child* (1964) mzee Ngotho anafanya kazi kwa Bwana Howlands kwenye shamba ambalo ni la ukoo wake Ngotho mwenyewe. Wanalizungukia pamoja wakikagua mimea, kila mmoja moyoni analiita langu. Nilikisoma nikiwa chuo na nilikwama hapo hapo, kwa sababu Ngũgĩ hamfanyi Howlands kuwa mnyama. Howlands anaipenda ile ardhi kweli. Amelowea, kwa maana ya kamusi, hadi kwenye mifupa. Na bado ni mwizi. Riwaya inayashikilia yote mawili bila kuomba radhi, na ndiyo nguvu yake.

Kuna kitu kingine mle ambacho Kiswahili changu kinakionea wivu. Ngotho anaishi kama *muhoi* kwenye ardhi ya Jacobo, tajiri Mwafrika mwenzake. Muhoi kwa Kikuyu ni mtu aliyeomba ardhi kwa mwenye nayo akapewa mahali pa kulima. Neno limetokana na kuomba. Kwa hiyo ukisema muhoi umeshawataja watu wawili, aliyeomba na aliyeombwa, na umeshasema kwamba kulikuwa na mazungumzo kati yao. Hapo mwenyeji hajafutika. Ukiweka "mlowezi" kwenye nafasi ya muhoi, umeua nusu ya riwaya. Ukiiweka kwenye nafasi ya setla, umeua nusu nyingine. Wafasiri wanaoona maneno haya matatu kama vivuli vya kitu kimoja wanifikirie nikiwakasirikia.

Sasa turudi kwenye redio ya Kasulu. Idhaa za Kiswahili za nje, na sisi tunaozifuata, tumezoea kusema "makazi ya walowezi wa Kiyahudi". Wengine wanaandika makaazi, lakini tuliache hilo. Tunachozungumzia ni miji na vitongoji vya raia wa Israel vilivyojengwa kwenye ardhi iliyotwaliwa vitani mwaka 1967. Vina barabara zake na wanajeshi wa kuvilinda, na wakaazi wake, ukijumlisha Jerusalem Mashariki, ni watu kama 700,000. Mkataba wa Nne wa Geneva wa 1949 unakataza nchi iliyokalia ardhi ya wengine kuhamishia raia wake humo. Israel inabisha kwamba mkataba unaihusu hivyo, lakini karibu dunia nzima iliyobaki inasoma hivyo.

Kisha sisi tunaita makazi. Makazi! Neno lile lile la Wizara ya Ardhi, Nyumba na Maendeleo ya Makazi. Neno la makazi ya wakimbizi ya Katumba na Mishamo, walikopelekwa Warundi waliokimbia mauaji ya 1972. Nimewahi kutafsiri habari za namna hii saa tano usiku, macho yananiuma, na nakwambia mkono unaandika "makazi ya walowezi" kabla kichwa hakijafika. Kiingereza nacho kina lawama, maana neno lake ni pole vile vile. Waarabu wanasema *mustawtin*, kutoka kwenye mzizi wa *watan*, nchi ya mtu: aliyejifanyia mahali kuwa kwao. Angalau wao wamesema nini kinafanyika.

Hata hivyo mazoea ya redio yamefanya kazi ambayo kamusi haikuifanya. Miaka yote hii ya taarifa za habari imelipaka neno mlowezi damu na moshi. Kwa kijana wa Kasulu mlowezi si mtu aliyehamia na kufanya maskani. Mlowezi ni mtu anayechoma mizeituni ya mwenzake. Ndiyo maana aliuliza. Kamusi haijui hilo, ofisi ya Uhamiaji haijui hilo, mtoto wa kidato cha nne anajua.

Nilirudi Dar nikiwa nimeshaamua kwamba kumuita yule bibi mlowezi ni dhuluma. Nikapanga kuandika makala kali. Halafu nikakumbuka 2013, na makala ikanifia mkononi.

Mwaka huo, kuanzia Septemba, kulikuwa na Operesheni Kimbunga katika mikoa ya Kagera, Kigoma na Geita. Maelfu ya watu walirudishwa Rwanda, Burundi na Uganda, wengine baada ya kuishi Tanzania miongo mingi, wengine wakiwa wameoana na Watanzania. Neno la wakati ule halikuwa mlowezi. Lilikuwa *wahamiaji haramu*. Haramu, kama nguruwe na riba. Tuliliandika sote kwenye vichwa vya habari, wino mzito, na sikumbuki hata mkutano mmoja wa asubuhi ambapo mtu aliuliza mwanadamu anakuwaje haramu.

Kwa hiyo "mlowezi" ilipoanza kusikika kwenye zoezi la uandikishaji, ilikuwa nafuu. Ilikuwa ni namna ya ofisi kusema: huyu hana karatasi, lakini tunakubali kwamba yupo, na yupo siku nyingi. Neno ambalo Hebron ni shutuma, Kasulu lilikuwa huruma. Nilipomuuliza bibi analionaje jina hilo, hakuelewa kwa nini nauliza. Kadi alikuwa ameiviringisha kwenye mfuko wa plastiki na kuifunga kwenye pindo la kitenge. "Mwanangu," akasema, "wameniandika." Kwake kitenzi ndicho kilichokuwa na uzito. Nomino ilikuwa yetu sisi wenye kalamu.

Hapo nikaelewa kwamba nilikuwa nasoma vibaya. Neno mlowezi halina kosa kwa bibi. Lina kosa kwa setla, kwa sababu linampunguzia. Tumefanya kama mtu anayetumia mzani mmoja kupima dhahabu na mkaa, halafu anashangaa mkaa umepanda bei. Wa Hebron amepewa upole wa bibi, na bibi akabebeshwa moto wa Hebron.

Najua litakalosemwa: Tanganyika hatukuwa na masetla wengi kama Kenya, hivyo hatukuhitaji neno lao. Si kweli kabisa. Waulize Wameru. Mwaka 1951 watu wapatao 3,000 waliondolewa Engare Nanyuki, nyumba zikachomwa, ili wazungu wapate mashamba. Mwaka uliofuata Kirilo Japhet akafika Umoja wa Mataifa kueleza kesi yao, na baadaye yeye na Earle Seaton wakaiandikia kitabu, *The Meru Land Case* (1967). Masetla tulikuwa nao. Tulichokosa ni kuwapa jina lao peke yao, na tumeendelea na tabia hiyo. Siku hizi maskini akiingia msituni na jembe anaitwa *mvamizi*. Mwenye mtaji akija kuchukua ekari elfu kumi anaitwa *mwekezaji*. Lord Delamere angefika leo angepokewa na mwenyekiti wa kijiji, angepigwa picha, na kwenye habari tungeandika kwamba ameahidi zahanati.

Kuna lingine ambalo sijalimaliza. Kijana hakuuliza kuhusu bibi yake. Alisema *sisi*. Yeye alizaliwa Kasulu, mama yake alizaliwa Kasulu. Kulowea ni kitendo, na mtu hawezi kurithi kitendo kama anavyorithi pua. Lakini setla je? Mjukuu wa setla aliyezaliwa Naivasha na kuongea Kiswahili kizuri kuliko cha kwangu, anaacha kuwa setla lini? Nikitumia kipimo cha kuzaliwa kwa kijana wa Kasulu, nalazimika kukitumia kwa huyu pia. Jibu langu, mpaka hapa nilipofika, ni hati. Mtoto wa mlowezi alirithi mihogo na wasiwasi. Mtoto wa setla alirithi miaka iliyobaki kwenye ile 999, hata kama Katiba ya Kenya ya 2010 imeshaishusha hadi 99 kwa asiye raia. Urithi ukiisha, na jina liishe. Najua Bonde la Ufa wamewahi kuita majirani zao *madoadoa* na kuwachomea nyumba kwa kisingizio kinachofanana na hiki, kwa hiyo silisemi kwa sauti kubwa. Nalisema kama mtu anayetembea gizani akipapasa ukuta.

Kazini nimeanza kuandika masetla kwenye habari za Ukingo wa Magharibi. Mhariri wangu amenikata mara tatu. Mara ya nne ilipita, nadhani kwa sababu alikuwa likizo.

Kijana bado ananiandikia mara moja moja. Mwaka jana alinitumia picha ya fomu aliyopewa kwenye ofisi moja, akauliza ajaze nini. Nikamwambia sehemu ya bibi aandike Urundi, asiogope, ukweli haumfungi mtu.

"Hiyo nimeshajaza, kaka," akajibu. "Nauliza hii ya chini yake. Hadhi ya ukaazi. Wameacha mstari mtupu."